Kujipima Katikati ya Msimu: Mwongozo Kamili kwa Timu za Mpira za Vyuo vya Arusha na Moshi

Mzunguko wa kwanza ukiisha, timu nyingi za vyuo vya huku kwetu huitisha kikao. Kinaanza kwa sala, yanafuata maneno makali kuhusu nidhamu, kipa anasemwa, mwamuzi wa mechi ya ugenini anasemwa, kisha watu wanapiga makofi na kuahidi kupambana. Jumamosi inayofuata wanafungwa bao lilelile, kutoka upande uleule.

Tatizo ni mpangilio: kikao kimetangulia, ushahidi haupo. Hapa tunageuza. Tunahesabu kwanza, tunaongea baadaye, na tunatoka na mambo mawili tu ya kufanyia kazi mazoezini. Kazi yote inahitaji wiki moja isiyo na mechi. Msiianze ndani ya siku mbili baada ya kufungwa, wala wiki ya tesiti.

## Vitu vya kuandaa

- Video za mechi nne, kuanzia filimbi ya kwanza hadi ya mwisho. Vipande vya mabao pekee havifai.
- Orodha ya kikosi cha kila mechi: walioanza, walioingia, dakika walizoingia na kadi.
- Daftari la mahudhurio ya mazoezi. Kama halipo, hilo tayari ni jibu mojawapo.
- Karatasi zenye mchoro wa uwanja uliogawanywa vipande tisa: vitatu kwa urefu (kwetu, katikati, kwao) na vitatu kwa upana (kushoto, kati, kulia).
- Wahesabuji watatu. Wachezaji majeruhi wanafaa sana. Wanaujua mpira, wana muda, na wanabaki kuwa sehemu ya timu.
- Laptopu moja, flashi, na darasa lenye projekta. Umeme ukikatika, laptopu yenye chaji inatosha kwa watu ishirini wakibanana.

Kama hamjawahi kurekodi, anzeni na mechi mbili zijazo kisha mrudi hapa. Simu moja inatosha. Mpiga picha akae juu, usawa wa mstari wa katikati. Kwenye Uwanja wa Sheikh Amri Abeid (Arusha) au Ushirika (Moshi) mna majukwaa. Kwenye viwanja vya vyuo, tafuteni veranda ya hosteli au mgongo wa Canter. Simu iwekwe kwenye hali ya ndege, maana mtu akipiga katikati ya mchezo kurekodi kunaweza kukatika. Acheni nafasi ya gigabaiti 10 au zaidi, na pawa benki iwe imechomekwa.

Tahadhari: msirushiane video nzima kwa WhatsApp. Inabanwa hadi namba za jezi hazisomeki, na bado itakula bando. Tumieni flashi.

## Hatua ya 1: Chagueni mechi, msichague machungu

Katika zile nne iwemo mliyoshinda, mliyotoka sare na mliyofungwa, na angalau moja iwe ya ugenini. Sababu ni kwamba matokeo hudanganya. Timu inaweza kushinda 1-0 kwa penalti ya dakika ya 88 huku imezidiwa mchezo mzima. Mkichambua mechi za kufungwa pekee, kila mlichokifanya siku zile kitaonekana kosa, hata kilichokuwa sahihi.

Pembeni ya kila mechi andikeni hali ya uwanja na mahali. Arusha mjini iko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, wakati Moshi mjini haifiki 1,000 na joto lake ni kali zaidi. Mweka, ingawa ni Moshi, iko mlimani. Timu iliyozoea joto la Moshi ikipanda kucheza Arusha inaweza kuhema mapema, na ya Arusha ikishuka Moshi mchana wa Februari inapigwa na jua. Masika nayo yana tope lake, kiangazi vumbi. Pasi ya chini iliyofia kwenye dimbwi si ushahidi kwamba kiungo wenu hajui pasi.

Mtajua hatua hii imekaa sawa kama kila mchezaji, akiiona orodha ya mechi nne, anaweza kusema: hapa hatujapendelewa wala hatujaonewa.

## Hatua ya 2: Kila mtu aandike kabla ya kuona chochote

Gaweni karatasi ndogo, zisiandikwe majina. Maswali ni matatu:

1. Tukipoteza mpira, mwalimu anataka tufanye nini katika sekunde tano za kwanza?
2. Kipa wetu akiwa na mpira, unapaswa kwenda kwa nani?
3. Bao letu la kawaida linapatikanaje?

Hatuulizi nani anacheza vibaya. Tunauliza kama watu kumi na moja wanacheza mchezo mmoja.

Zikusanyeni na kuzisoma mbele ya mwalimu na nahodha peke yao. Mara nyingi swali la kwanza huleta majibu matatu tofauti: wengine wanaandika "kurudi nyuma haraka", wengine "kukaba palepale", na mmoja ataandika "kufanya faulo", naye huwa namba sita, yaani kiungo mkabaji. Hapo hamhitaji hata video kujua kwa nini katikati yenu pana shimo. Nusu ya timu inapanda kukaba, nusu inarudi, na mpinzani anapita kwenye nafasi iliyobaki.

Kwa nini iwe kwa maandishi na mapema? Kwa sababu nahodha akishafungua mdomo, wa mwaka wa kwanza wote watakubaliana naye. Heshima ni nzuri, lakini hapa inaficha habari.

## Hatua ya 3: Hesabuni vitu vichache, vyote kwa kipimo kimoja

Hapa ndipo wengi wanaposhindwa, na mara nyingi kwa bidii iliyopitiliza. Wanataka kuhesabu kila pasi, wanachoka kipindi cha kwanza cha mechi ya kwanza, kazi inaishia hapo. Hesabuni vinne tu.

Mipira iliyopotea. Kila mkipoteza mpira, weka alama kwenye kipande cha uwanja ulipopotelea. Kama ndani ya sekunde kumi mpinzani amefika eneo la hatari au amepiga shuti, zungushia alama hiyo duara. Maduara yana uzito kuliko alama. Kupoteza mpira pembeni kwenye kona yao ni jambo la kawaida. Kuupoteza katikati, mbele ya mabeki wenu, ni jambo jingine kabisa.

Mashuti, yenu na yao. Andika limepigwa ndani au nje ya boksi, na kama lililenga lango. Timu inayopiga mashuti kumi na tano, kumi na mawili kati yake kutoka mita 25, haina ukame wa bahati. Haina njia ya kuingia ndani.

Mipira iliyokufa. Kona, faulo za karibu na mipira ya kurusha, ya kushambulia na ya kujilinda. Msiuache mpira wa kurusha. Sheria ya kuotea haihusu mpira unaopokelewa moja kwa moja kutoka kwenye kurusha, kona au goli kiki, na bado kila wiki utaona beki ameinua mkono kumwita mwamuzi msaidizi wakati mshambuliaji aliyepokea mpira wa kurusha anaelekea kipa.

Muda. Yote hayo yagawanywe kwa vipindi vya dakika 15. Bila hivyo hamtajua kama tatizo ni la mbinu au la pumzi.

Kabla ya kuanza, kubalianeni maana ya kila kitu na muiandike. Mfano: "mpira umepotea pale mpinzani anapoumiliki, yaani akipiga pasi au kugusa mara mbili, beki akibutua nje kwa makusudi haihesabiki." Kisha wahesabuji wawili wahesabu dakika 15 zilezile, kila mmoja peke yake. Mmoja akipata 20 na mwenzake 21, endeleeni. Akipata 20 na mwingine 31, hamjakubaliana bado. Rudini kwenye maana.

Tahadhari: msipoteze muda kutafuta asilimia za umiliki wa mpira. Bila vifaa ni kazi kubwa, na jibu lake halimwambii mwalimu afanye nini Jumanne. Timu inaweza kukaa na mpira kwa pasi za beki na beki hadi magharibi.

Hatua hii imefaulu pale mhesabuji anapoweza kunyoosha kidole kwenye kipande kimoja cha karatasi na kusema: maduara yamejaa hapa.

## Hatua ya 4: Rudisheni kila bao kinyumenyume

Kama mna muda wa hatua moja tu katika mwongozo huu, fanyeni hii.

Chukua bao mlilofungwa. Simamisha video mpira unapovuka mstari, kisha rudi nyuma hadi mara ya mwisho mpira ulipokuwa miguuni mwa mchezaji wenu. Andika mambo manne: mpira ulipotelea wapi, wachezaji wenu wangapi walikuwa kati ya mpira na lango lenu wakati huo, aliyekuwa karibu zaidi na mpira alifanya nini, na wapinzani walipiga pasi ngapi kabla ya shuti.

Tuchukue timu ya kubuni iliyofungwa mabao sita katika mechi nne. Kwenye ubao wa matangazo wa chuo, lawama zote ni za beki wa kati, kwa kuwa yeye ndiye anayeonekana wa mwisho kwenye picha, amelala chini. Video ikirudishwa, mabao manne kati ya sita yanasimulia kisa kimoja. Winga wa kulia ana mpira. Beki wa kulia amepanda kumzunguka. Beki wa kushoto naye amepanda upande wa pili akisubiri krosi, kwa sababu mechi ya kwanza alifunga kwa kichwa na hajaisahau. Namba sita ameingia kwenye boksi. Mpira unapotea. Pasi mbili, na mabeki wawili wa kati wanakimbizana na washambuliaji watatu, wote wakielekea lango la mabeki hao.

Yule beki hana kesi. Kosa limetokea mita 60 kutoka alipolala, tena wakati timu inashambulia na mashabiki wanashangilia. Hakuna kikao cha mdomo kingeligundua, kwa sababu dakika ile hakuna aliyekuwa anatazama nyuma.

Fanyeni vivyo hivyo kwa nafasi za wazi ambazo mpinzani alikosa. Hii ni lazima, kwa sababu mabao ni machache mno kutolewa hukumu. Shuti lililogonga mwamba lilitokana na kosa lilelile la lililoingia. Tofauti yake ni sentimita chache. Timu inayohesabu mabao pekee hujiona iko salama mpaka siku miamba inapokataa kusaidia.

Kisha mabao yenu, kwa njia hiyohiyo. Mkigundua yote yametokana na faulo na kona, furahini, lakini mjue kuwa mchezo wa wazi hauwapi kitu.

Dalili ya kufaulu: mabao na nafasi zote zimejipanga katika makundi mawili au matatu, na majina ya watu yameanza kutoweka kwenye maelezo yenu.

## Hatua ya 5: Angalieni miguu kabla ya kulaumu akili

Tazameni hesabu zenu za dakika 15. Kama maduara yanaongezeka kuanzia dakika ya 60 katika kila mechi, linganisheni na daftari la mahudhurio. Mchezaji aliyehudhuria mazoezi mawili kati ya manane hawezi kukaba dakika ya 80, hata kama moyo anao.

Kwa wiki zilizobaki, anzeni kipimo rahisi: baada ya kila zoezi au mechi, mchezaji ataje ugumu wa kazi hiyo kuanzia 0 hadi 10, kisha zidisheni kwa dakika alizocheza. Mechi ya dakika 90 aliyoipa 7 ni 630. Jumlisheni kwa wiki. Jumla ikiruka ghafla, mtu huyo apunguziwe kazi kabla msuli haujamwamulia.

Chakula nacho. Mechi ya saa kumi jioni inataka mlo kamili uliwe kama saa saba. Anayetoka kipindini saa nane, akafakamia chipsi mayai saa tisa na nusu, atacheza kipindi cha kwanza akiwa amebeba mzigo tumboni. Waziri wa michezo wa serikali ya wanafunzi anaweza kulimaliza hili kwa kuongea na mama wa kantini mapema. Hakuna mbinu rahisi kuliko hiyo.

## Hatua ya 6: Sasa iteni kikao

Muda usizidi saa moja na nusu. Vipande vya video visizidi kumi na viwili, kila kimoja chini ya nusu dakika. Anzeni na kipande kizuri kutoka mechi mliyofungwa. Hilo si la kubembelezana. Linawaonyesha kwamba hapa tunatazama mchezo, hatutazami ubao wa matokeo.

Sheria za kikao ziandikwe ubaoni kabla watu hawajakaa:

- Kila kauli ianze na mechi na dakika. "Mwalimu, dogo hashuki" haikubaliki. "Mechi ya pili, dakika ya 63, upande wa kulia ulikuwa wazi, tulibaki wawili" inakubalika.
- Taja nafasi, usitaje jina.
- Wa mwaka wa kwanza wanaanza kuongea, nahodha anafuata, mwalimu anamaliza.
- Mwamuzi, uwanja na mambo ya usiku (ushirikina) hayajadiliwi. Yule anayeamini tatizo ni kamati ya ufundi ya wapinzani akayamalize nje.

Utaratibu wa kuongea una sababu. Mwalimu akianza, kikao kimegeuka hotuba. Wadogo wakianza, mtasikia mambo ambayo wakubwa wameyazoea: kwamba kipa haiti, kwamba namba nane na namba kumi wote wanataka mpira wa mguuni, kwamba mpango wa kona ulibadilishwa na waliokosa mazoezi Alhamisi hawakuambiwa.

Kuna wakati mambo yatachemka. Mchezaji ataonekana kwenye vipande vitano mfululizo na ataanza kujitetea. Mwalimu asimamishe video na aulize wengine: "Angempa nani pasi hapa?" Mara nyingi mtaona hakuwa na wa kumpa, na tatizo limerudi kwa timu nzima. Ikiwa kweli ni lake peke yake, aitwe kando kesho yake, dakika kumi, wao wawili. Kumwanika mtu mbele ya wenzake ni kumpoteza, na chuoni hamna dirisha dogo la kusajili mwingine.

Viongozi wa serikali ya wanafunzi wakija, wakae nyuma wasikilize. Na hakuna kinachoendelezwa kwenye grupu la WhatsApp usiku.

Kikao kimefaulu kama watu wanabishana kuhusu nafasi za kusimama, na mnasikia "tulikuwa" mara nyingi kuliko "ulikuwa".

## Hatua ya 7: Chagueni mawili, muyapeleke uwanjani

Mtatoka na orodha ya mambo tisa au kumi. Chagueni mawili. Timu ya chuo ina mazoezi matatu kwa wiki ikibahatika, na kila zoezi lina watu waliochelewa kwa sababu ya maabara. Mambo matano yatagawana muda huo na hakuna litakaloshika.

Kigezo cha kuchagua: lipi linaleta maduara mengi, na lipi linaweza kubadilika kwa mazoezi ya wiki tatu. Kasi ya beki haibadiliki kwa wiki tatu. Mahali anaposimama timu ikishambulia, panabadilika.

Kwa timu yetu ya mfano, agizo linaandikwa hivi: "Beki mmoja wa pembeni akipanda, mwenzake anabaki. Namba sita haingii boksi. Wakati wote, mabeki watatu wako nyuma ya mpira, na namba sita mbele yao." Hilo linapimika. "Tuwe makini nyuma" halipimiki.

Zoezi lake: tumieni nusu ya uwanja na lango moja kubwa, saba wakishambulia dhidi ya sita. Kwenye mstari wa katikati wekeni malango mawili madogo ya koni. Sita wakinyang'anya mpira wana sekunde nane kufunga kwenye koni, na bao lao ni mawili. Ndani ya dakika chache wale saba wataanza kuitana wenyewe: "Baki! Baki!" Mwalimu asikimbilie kuwasemea. Dakika 20 kila zoezi zinatosha.

Jambo la pili liwe jepesi, ikiwezekana la mpira uliokufa, kwa sababu hilo huonekana haraka na huwapa vijana imani na la kwanza.

## Hatua ya 8: Pimeni tena baada ya mechi tatu

Wahesabuji walewale, maana zilezile, karatasi ileile. Msibadilishe kipimo katikati, vinginevyo hamtajua kilichobadilika ni timu au ni karatasi.

Mtakutana na hali moja kati ya tatu. Maduara yamepungua na matokeo yamepanda: endeleeni, ongezeni jambo la tatu. Maduara yamepungua lakini bado mnafungwa: msiliache zoezi, tazameni kundi la pili la mabao, pengine ni kona. Maduara ni yaleyale: nendeni mazoezini mkahesabu ni mara ngapi agizo linafuatwa, kwa maana huenda linasemwa tu. Kama linafuatwa na bado hakuna nafuu, basi mlichagua jambo lisilo sahihi, na karatasi za hatua ya nne bado mnazo.

Kila kitu kihifadhiwe: video kwenye diski ya chuo, karatasi kwenye faili, na ukurasa wa kwanza wa faili uwe ule wenye maana mlizokubaliana. Andikeni mpinzani, tarehe na uwanja juu ya kila karatasi. Wa mwaka wa tatu wanahitimu, wengine wanakwenda fildi (mafunzo kwa vitendo) katikati ya ratiba, na waziri wa michezo wa sasa hatakuwepo mwakani. Faili akabidhiwe mwalimu wa michezo wa chuo kwa saini, nakala moja ibaki kwa nahodha msaidizi.